Namba Saba Katika Kombe la Waliobaki

Nyumbani, Bondeni,
Nakuru.
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Mpendwa Ami Jalal,

Assalaam aleikum, na shikamoo kutoka kwa mtoto uliyemwacha akiwa darasa la tatu.

Kabla ya lolote nataka kujua hali yako. Kile kikohozi ulichomtajia Baba kwenye simu kimekwisha? Bado wanakupa zamu za mchana, au wamekuhurumia? Nimesoma kwamba mwezi wa Agosti huko Doha mtu hawezi kushika chuma kilichokaa juani. Mama anauliza unakula nini, na anasema usipolijibu swali hilo atajua ni mkate mkavu na chai.

Sisi huku tuna afya ya mwili, alhamdulillahi. Mvua haijatuacha na Bondeni nzima ni matope. Baba yuko safarini na lori. Jana alipiga simu kutoka Salgaa, leo nadhani amefika Malaba. Mimi niko kidato cha tatu. Nimekuwa mrefu kuliko Mama, ingawa bado mwalimu akiniuliza swali mbele ya darasa sauti hunikimbia.

Barua hii anakuletea Naliaka, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye naye anafanya kazi hapo Doha. Likizo yake imekwisha na anasafiri Jumatatu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu nashikwa na haya, halafu nasema "sote wazima" na mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye karatasi naweza kufika mwisho wa neno langu.

Neno lenyewe ni la Nyanya.

Unajua kwamba yuko eda tangu Babu afariki mwezi wa Mei, na haitakwisha mpaka Oktoba. Hatoki nje, havai vya kupendeza, wala hakutani na wanaume wasio maharimu wake. Hayo ameyapokea bila kunung'unika. Linalotutisha ni kwamba ameacha na mambo ambayo dini haikumwambia ayaache. Hali. Haongei. Anasema ameshiba kabla sahani haijawekwa mkekani. Daktari alikuja akampima, akasema haoni ugonjwa, lakini kwa umri wake huzuni peke yake inatosha kumlaza. Gauni lake jeusi sasa linaning'inia kana kwamba limetundikwa ukutani.

Wiki hizi za kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani ndizo tulizomwona akila. Na jana Kenya imetolewa, na Jumatatu mimi narudi shuleni. Hapo ndipo penye shida, na ndiyo maana nakuandikia. Acha nieleze vizuri.

Sijui kama ulikuwa unafahamu, Ami, kwamba Nyanya hajawahi kutazama mpira hata siku moja. Kila anachokijua amekisikia kwa mdomo wa Babu. Zamani Babu alikaa barazani na redio yake, yeye jikoni, na Babu akimrushia mchezo kupitia dirishani. Hata televisheni iliponunuliwa, Nyanya aliipa mgongo akashona kofia zake, akasema macho yake yana kazi nyingine. Babu akafa, na jambo la kwanza Nyanya aliloomba ni televisheni itolewe nyumbani. Tukaipeleka kwa Mama Wachuka, hapo ng'ambo ya ukuta, na bado iko huko.

Babu alilisubiri kombe hili kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikuwa na maneno yake, nawe unayakumbuka kunishinda. Alisema Kenya ni mtu anayealikwa kupika karamu kisha ananyang'anywa sufuria. Nilikuwa nikidhani ni masihara ya fundi wa redio, mpaka nilipokwenda maktaba nikakuta ni kweli. Mwaka wa 1996 Kombe la Mataifa lilikuwa lichezwe kwetu, likapelekwa Afrika Kusini, na Afrika Kusini wakalichukua. Mwaka wa 2018 hili la wachezaji wa nyumbani lilikuwa letu, likapelekwa Moroko, na Moroko wakalichukua. Mara mbili aliyeshika sufuria yetu ndiye aliyeshiba.

Safari hii tulipewa pamoja na Tanzania na Uganda, lichezwe mwezi wa Februari. Babu alinunua hata jezi. Mwezi wa Januari ikatangazwa kwamba limeahirishwa mpaka Agosti. Akasema, "Sawa. Agosti si mbali." Februari alikuwa bado anatembea mwenyewe mpaka msikitini. Mimi nafikiria jambo hilo mara nyingi sana, na sijui nimlaumu nani, kwa hiyo simlaumu mtu.

Siku Kenya ilipocheza na Kongo, mchezo wetu wa kwanza, nilikwenda kutazama kwa Mama Wachuka kwa sababu niliona kama ni haki ya Babu mtu wa nyumba yake atazame. Niliporudi nilimkuta Nyanya chumbani, amekaa vile vile nilivyomwacha. Akaniuliza, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo, "Watu walikuwa wakipigia nini kelele?"

Nikasema, "Tumeshinda, Nyanya. Moja bila."

Akanitazama kama mtu aliyepewa mfupa. "Hivyo ndivyo unavyosimulia? Unaanza na mwisho? Babu yako hakunipa mwisho mpaka chai ipoe."

Kumbe kulikuwa na utaratibu. Kwanza Babu alimjulisha mgeni, yaani timu tunayocheza nayo: ametoka wapi, nyumbani kwao kukoje, amewahi kushinda nini. Kisha hali ya uwanja na hewa. Kisha wachezaji wetu, mmoja mmoja, na kila mmoja amesimama wapi. Ndipo mpira uanze. Bao halitajwi kabla ya wakati wake, hata kama mtaa mzima unaimba.

Basi nikaanza upya. Sikujua lolote kuhusu Kongo zaidi ya ramani, nikamwambia kuhusu mto. Akacheka kidogo. Siku iliyofuata nilikwenda maktaba, na tangu hapo kila mchezo nikijiandaa kama anayejiandalia mtihani. Nilimwambia kwamba hao Kongo ndio waliochukua kombe hili lilipoanza mwaka wa 2009 kule Kodivaa, na kwamba lilianzishwa kwa ajili ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, wale ambao hawakwenda Ulaya wala Uarabuni. Nikamwambia na lile kubwa, Kombe la Mataifa, jinsi lilivyoanza Khartoum mwaka wa 1957 na timu tatu tu, Misri, Sudan na Uhabeshi. Wa nne alikuwa Afrika Kusini, lakini alikataa kuchezesha watoto wake weupe na weusi pamoja, akaambiwa abaki kwake.

Nyanya akasema, "Hiyo alinisimulia usiku wa harusi yetu." Kisha akaomba wali.

Ami, alikula sahani nzima. Mama alisimama mlangoni na kijiko mkononi akawa analia bila sauti. Kuanzia siku hiyo tulijua: siku ya mchezo Nyanya atakula, na siku inayofuata pia, akiniuliza vipande vilivyompita. Mara mbili mchezaji wetu alipewa kadi nyekundu tukacheza watu kumi, na mara zote mbili aliniuliza huyo aliyetolewa amekaa wapi na kama amepewa maji.

Siku ya Moroko nusura Kabiru aharibu. Kabiru ni mtoto wa Mama Wachuka, yule uliyekuwa ukimfukuza asiibe mpira wako. Sasa ana ndevu. Kipenga cha mwisho kilipolia alitoka mbio uani, akapanda kwenye debe, akapiga kelele juu ya ukuta.

"Nyanya! Nyanya Sundus! Tumewanyorosha hao wezi wa sufuria! Watu kumi, boss, watu kumi!"

"Kabiru, shuka hapo!" mama yake akamfokea. "Huyo ni mjane yuko eda, unamwitia nini kama kondakta?"

"Si nampa habari njema, mathe?"

"Habari yako ingemsubiri Najwa," akasema, akinionyesha mimi.

Nilipoingia ndani Nyanya alikuwa amenuna. "Huyo kijana ameniibia mchezo," akasema. Lakini aliniambia nikae, tuanze na mgeni kama kawaida, yeye atajifanya hajui. Na nilipofika kwenye bao alishika mkono wangu, akaangalia upande wa kitanda cha Babu, akasema polepole, "Umesikia? Wamerudisha sufuria."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Siku ya Zambia nilikuwa nimejiamini. Nilitaja wachezaji wetu wote kumi na mmoja, kuanzia kipa. Nilipomaliza, Nyanya akauliza, "Na Jalal?"

Nikasema, "Jalal yupi, Nyanya?"

"Jalal wangu. Namba saba. Hujamtaja tangu mashindano yaanze, nami nanyamaza nikidhani ameumia."

Nilidhani akili yake imeondoka na kwamba njaa na huzuni zimemfanya hivyo. Nilimkimbilia Mama jikoni, nikamwambia Nyanya anachanganya watu. Mama aliacha kila kitu akaja. Akapiga magoti akamwambia kwa upole, "Mama, Jalal yuko Doha. Anafanya kazi ya ulinzi. Unakumbuka?"

Nyanya alitukasirikia sote wawili. "Mnanifanya mwendawazimu? Mwanangu nilimzaa mimi, sijui aliko? Najua yuko Doha. Hapa nauliza habari ya mpira."

Ndipo akatueleza. Tangu ulipoondoka, Ami, hakuna mchezo wa Kenya ambao Babu alimsimulia Nyanya bila kukuweka ndani. Winga wa kulia, namba saba. Wote wawili walijua si kweli, na hakuna aliyelisema hilo. Mwaka wa 2019 kule Misri, tulipowafunga Tanzania tatu kwa mbili, krosi ya bao moja ilitoka mguuni mwako. Tulipofungwa na Senegali ulikuwa umetoka kipindi cha kwanza, umeumia msuli, kwa hiyo lile halikuwa kosa lako. Nyanya alipomwambia kwamba timu ya waliobaki nyumbani haiwezi kumchukua mtu aliye Uarabuni, Babu alijibu, "Mimi ndiye ninayepanga kikosi humu ndani."

Mimi sikujua. Baba naye hakujua. Mimi nilikuwa na kumbukumbu moja tu ya siku uliyoondoka. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa 2017, baada ya Kenya kunyang'anywa mashindano ya 2018. Babu alikuwa akiamini kwamba yangechezwa hapa ungechaguliwa, kwa sababu ulikuwa ukicheza ligi ya hapa, na hilo ndilo kombe pekee lenye mlango wa mtu kama wewe. Mlango ukafungwa na wewe ukatafuta wako. Nakumbuka uliinama ukifunga kamba za viatu kwa muda mrefu, na Babu akasema, "Hili ni kombe la waliobaki. Wewe nenda." Hakukupa mkono. Nilikuwa mtoto, lakini niliuona uso wako ulipoinuka.

Nadhani umeishi na sentensi hiyo miaka yote. Nimeona ni vyema ujue kwamba aliyeisema alirudi ndani, na mchezo uliofuata akakupa jezi.

Basi siku ile ya Zambia ilibidi nikuchezeshe. Sikuwa na uzoefu. Nilikuweka upande wa kulia, nikakufanya upige mashuti mawili yakatoka nje, na Nyanya akasema sikukupa haki yako, kwamba hujawahi kupoteza mashuti mawili mfululizo. Alikula vizuri sana jioni ile.

Jana ilikuwa robo fainali na Madagaska, au Wabukini kama anavyowaita Nyanya. Utakuwa umesikia. Tulitangulia kwa kichwa baada ya kona, wakasawazisha kwa penalti, muda wa ziada ukaisha hivyo hivyo, tukaenda kwenye matuta wakatutoa nne kwa tatu. Kwa Mama Wachuka televisheni ilizimwa. Kabiru alivua jezi akaiweka juu ya kochi, akatoka nje bila viatu. Nilivuka kurudi nyumbani na barabara yote ilikuwa kimya, hata wauza mahindi hawakuwa wakiita wateja.

Nyanya alikwisha kujua kutokana na kimya hicho. Lakini alikuwa amejitengenezea mahali pa kuegemea, akasema, "Kaa. Anza na mgeni."

Nikaanza na mgeni. Nilisimulia kila kitu kwa utaratibu, na wewe ulicheza, Ami. Ile kona nilikuwekea mguuni mwako, naomba unisamehe kama hupigi kona. Tulipofika kwenye penalti sauti ilianza kunikimbia kama darasani. Nilitaja wa kwanza, nikataja wa pili. Nyanya alikuwa ameacha kuvuta tasbihi.

"Jalal amepiga?" akauliza.

Sikuwa nimelifikiria. Nikisema ulipiga ikaingia, ningekuwa namdanganya siku ambayo hakuna aliyetaka kudanganywa. Nikisema ulikosa, ningekuwa nimemvunja mwanamke aliye eda kwa jambo ambalo halikutokea. Nikisema ulishatoka uwanjani, angejua namkwepa. Babu angejua la kusema.

Nikasema, "Sijui, Nyanya."

Hakulia. Kisha akasema, "Ni kweli, wewe huwezi kujua. Aliyekuwa anajua tumemzika." Akageukia ukuta. "Muulize mwenyewe."

Usiku hakula. Leo asubuhi Mama ameingiza uji na kuutoa. Sasa ni alasiri na bado.

Ami, tangu mazishi hujaongea na Nyanya. Baba anasema uliomba wakusubiri na haikuwezekana, maiti wetu hawasubiri ndege. Unampigia Baba, unauliza hali, unakata. Sikulaumu. Mimi pia ni mtu wa kukata mapema. Labda unaogopa kwamba ukisikia sauti yake atalia. Atalia. Lakini hapa nyumbani hakuna mwingine wa kumsimulia. Baba yuko barabarani, na hata akiwepo, tangu msiba amekuwa kama gari lililozimwa. Mama hajui kipa ni nani na refa ni nani. Kabiru hawezi kuingia kwake, na hata angeingia angeanza na mwisho. Mimi kule shuleni kwetu, karibu na machimbo ya Kariandusi, hatuna simu. Tuna vumbi jeupe na kengele tu. Wewe ni mwanawe. Eda haikuzuii, wala umbali haukuzuii.

Tanzania nao wametolewa jana na Moroko, Uganda wanacheza leo. Fainali ni Jumamosi ijayo, tarehe thelathini, Nairobi. Naliaka atakupa barua hii mapema kabla ya hapo, ameniahidi. Nakuomba uitazame, hata kama ni kwenye simu ya mwenzako, kisha umpigie Nyanya kwa namba ya Mama, ambayo Naliaka atakupa. Kenya haimo, lakini hilo si kitu. Mjulishe wageni. Mwambie hewa ikoje. Usiharakishe.

Na kabla ya fainali kuna lile swali. Atakuuliza mara tu baada ya salamu, namjua. Ulipiga ile penalti au hukupiga? Sikuambii ujibu nini. Nimejaribu majibu yote usiku kucha na kila moja likitoka kwangu ni uongo. Likitoka kwako, lolote lile, atalichukua, nadhani ataketi na kuomba chakula.

Shangazi Mastura wa Naivasha anakusalimu, alikuja kwenye hitima na bado anauliza habari zako. Mama Wachuka anasema chumba chako cha kukimbilia ukikosana na watu bado kipo kwake. Kabiru anasema yeye ndiye aliyeuiba ule mpira, na kwamba amezeeka hawezi kufukuzwa tena. Mama anakukumbatia.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe, ambaye kutwa unalinda mali za watu, akupe moyo mpana na akufikishe kwetu kwa wakati wake. Na Babu amlaze pema.

Nyanya hajui kama nimekuandikia. Ameniita sasa hivi, lakini si kwa kutaka chakula. Ameuliza kama nimeshakuuliza. Nimemwambia nakuuliza sasa.

Binti yako anayekupenda na kukungoja,
Najwa